Wenye magonjwa ya kudumu: nusu ya ulemavu wetu ni joto la Dar. Nabisha hodi, nibisheni

#1 Fundi wa Pasi
Wakuu salaam. Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu, mwaka wa sita huu. Jina lake nitalisema mbele ya safari, maana nikilitaja sasa watu wataacha swali waanze kunipa pole.

Mimi fundi cherehani, kibanda kipo Sinza. Nimejichunguza kwa muda nikagundua kitu. Julai natembea kama watu. Nafungua saa mbili asubuhi, nashona hadi magharibi, gongo langu limesimama kona tunatazamana tu. Ikifika Januari, kaskazi inavuma, jua la saa saba limekaa juu ya bati, mguu wa kulia unakuwa wa mtu mwingine. Unaburuza. Jicho la kushoto linaingia ukungu. Umeme ukikatika nikawasha pasi ya mkaa ndiyo basi tena, nusu saa nyingi, tundu la sindano silioni. Jioni nikijimwagia ndoo mbili za maji ya baridi, mguu unarudi.

Ugonjwa uleule, dawa zilezile, fundi yuleyule. Kilichobadilika ni joto. Ndiyo maana nasema sisi wenye maradhi haya ya kudumu hapa Dar, nusu ya ulemavu ni ugonjwa, nusu ni hali ya hewa. Nafikiria kuhamia Lushoto kwa mama mdogo. Kabla sijauza cherehani nataka kusikia kwenu, mwenye ugonjwa wowote ule: joto linawafanyaje?

#2 Kiroboto wa Kochi
Wajerumani nao walikimbia joto hilihili wakapanda Lushoto, wakapaita Wilhelmstal. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na wapagazi.

Cherehani unauza bei gani? Wife anaulizia.

#3 Nusu Mwezi
Fundi, hapo kwenye "sisi" futa, andika "mimi".

Mimi nina sikoseli, selimundu kwa Kiswahili cha kliniki. Hiyo Julai unayoisifia ndiyo mwezi ninaouogopa kuliko Ramadhani ya jua kali. Kusi ikianza, alfajiri nyuzi 18 au 19, kwa mtu wa Arusha huo ni utani, kwangu mimi ni kitanda. Baridi inabana mishipa midogo, chembe zangu zenye umbo la mundu zinakwama humo, na pale zilipokwama ndipo maumivu yanapoanza. Miundi, kiuno, kifua. Sio maumivu ya kusema "naumwa mguu". Ni mtu ameingiza nyundo ndani ya mfupa anagonga kwa kutokea ndani.

Nikipanda daladala Tabata mwezi wa saba nimevaa sweta mbili na soksi za sufu, konda ananiuliza, "Dada, hii haifiki Makete."

#4 Chuma Kimelala
Namuunga mkono Fundi mia kwa mia. Nilikuwa bodaboda Mbagala, lori likanikata kona 2019, uti wa mgongo ukaumia usawa wa kifua. Kuanzia hapo kushuka chini sisikii kitu.

Watu hawajui jambo moja: chini ya pale nilipoumia mwili wangu hautoi jasho. Ubongo unatuma amri ya jasho, amri inaishia kifuani. Kwa hiyo kichwa na mabega vinachuruzika maji, tumbo na miguu vikavu kama biskuti, na ndani nachemka. Januari natembea na ile chupa ya kinyozi ya kupulizia maji. Kila dakika kumi fyuu, fyuu. Watoto wa mtaani wananiita Mchicha.

#5 Kiroboto wa Kochi
Mchicha 😂😂 Samahani mkuu, nimecheka kabla sijafikiri.

#6 Chuma Kimelala
Cheka tu, hata mimi huwa nacheka. Ila ukipita Mbagala usiniite hivyo.

#7 Asubuhi Ngumu
Mimi nipo upande wa Nusu Mwezi. Nina baridi yabisi, ile ya vidole. Nikiamka saa kumi na moja mikono imekauka kama ya sanamu. Siwezi kufunga kanga, siwezi kuzungusha kitasa cha mlango, mbuzi ya kukunia nazi nimempa jirani. Naloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, saa nne ndiyo vidole vinaanza kunitambua. Na jina lenyewe linasema, BARIDI yabisi. Wazee hawakukosea. Lisemwalo lipo.

#8 Babu Mdalasini
Binti, jina hilo wengi wanalisoma kombo. Baridi ya kwenye "baridi yabisi" si baridi ya Juni. Ni tabia ya mwili. Tabibu wa zamani wa pwani walichukua elimu ya Waarabu, nao Waarabu walichukua kwa Wayunani: mwili una tabia nne, joto na baridi, umajimaji na ukavu. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Basi mtu aliyezidiwa na ubaridi na ukavu kwa pamoja, viungo vikakaza, aliitwa ana baridi yabisi, hata kama anaishi jikoni. Marehemu baba yangu alimkataza mama dafu jioni kwa sababu hiyo hiyo, dafu likihesabiwa kuwa ni baridi, akampa tangawizi.

Sisemi ilimponya. Nasema ndipo jina lilipotoka.

#9 Asubuhi Ngumu
Shikamoo babu. Kumbe miaka yote nalaumu feni bure.

#10 Dirisha la Dawa
Marahaba nimeipokea kwa niaba ya babu, kazi ya dirishani imenizoesha kupokea vya watu.

Niongeze kwa babu (#8). Leo watu wa mtaani wanaita "baridi yabisi" karibu kila kinachouma kwenye kiungo: magoti yaliyosagika kwa umri, gauti, na huu wa dada #7 ambao askari wa mwili wanashambulia viungo vya mwili wenyewe. Ni magonjwa tofauti, dawa tofauti. Hilo la kukakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima ndiyo alama kubwa ya huu wa askari. Kuhusu hali ya hewa na viungo, wataalamu wamechunguza sana na hawajakubaliana. Wagonjwa wanaapa, vipimo vinasitasita.

#11 Mlugaluga
Nitakuwa adui wa uzi lakini nitasema. Januari hapa Dar kila mtu mguu unaburuza. Ada za shule, kodi ya miezi sita, Krismasi imekomba. Mleta mada hana joto, ana mawazo. Mawazo yakizidi hata mzima anapooza. Uliza mkeo Januari ya mwaka ambao ada ililipwa na shemeji kama jicho liliingia ukungu.

#12 Asubuhi Ngumu
Mlugaluga kaongea kibabe ila kuna kitu humo. Fundi, Januari si ndiyo msimu wa sare za shule? Unashona hadi usiku wa manane. Julai hakuna wateja, umekaa unaangalia gongo. Sasa unajuaje kama ni joto na sio uchovu?

#13 Fundi wa Pasi
Aisee. Hilo la sare kweli, Desemba na Januari nalala saa nne kwa siku. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

Ila ndoo za maji, jama. Ndoo za maji hazilipi ada, wala hazinilazi usingizi. Najimwagia, baada ya robo saa mguu umerudi. Mawazo yanaoshwa na maji?

#14 Mlugaluga
Mke wangu akiniona nimeoga huwa nami napata nafuu.

#15 Mwavuli
Watu mnachanganya jua na joto. Nina lupasi, nao ni ugonjwa wa askari wa mwili kushambulia mwili wenyewe. Joto silijali, ndani kwenye kivuli hata nyuzi 33 nipo poa, natoka jasho kama binadamu wengine. Adui yangu ni mwale wa jua, na mwale unapita hata kwenye mawingu. Mwaka juzi mwezi wa nane tulienda Kigamboni, siku ya mawingu kabisa, kibaridi, nikaacha mwavuli kwa shoga yangu. Wiki mbili kitandani, viungo, homa, vidonda mdomoni. Ile siku joto halikuwepo hata la kuazima.

Upele wa usoni kwangu haukuja mwekundu kama wa kwenye picha za vitabu, ulikuja mweusi, zambarau kwa mbali, umekaa mashavuni. Mtaani wakasema mkorogo umenikataa. Mwaka mzima nilikuwa mfano wa wadada wanaojichubua. Kuna mama alimshika bintiye mkono akamwonyesha mimi.

Halafu mwendokasi. Natoka Kimara, nimekaa kiti cha wenye mahitaji maalumu kwa sababu magoti yamevimba ndani ya dira. Mama mmoja kanikagua kuanzia kucha hadi kilemba, akasema kwa sauti ya basi zima, "Kijana kajipaka mafuta kang'aa, kakalia kiti cha wagonjwa." Mafuta yenyewe ni ya kuzuia jua. Nikasimama. Sikuwa na nguvu ya kutoa mhadhara kuanzia Ubungo mpaka Magomeni.

#16 Nusu Mwezi
Mwavuli nakukumbatia kwa mbali. Mimi macho yangu ya manjano angalau yananisaidia, nikivua miwani watu wananipisha wakidhani ni homa ya ini. Kila mtu na silaha yake.

#17 Chuma Kimelala
Mimi hata hainihusu hiyo vita ya viti, nakuja na changu.

#18 Kiroboto wa Kochi
Huyu jamaa ana roho ngumu 🙌

#19 Mama Swaumu
Naombeni kuuliza hapahapa. Mwanangu ana kifafa, miaka 14. Anatumia kabamazepini, hakosi dozi, mimi mwenyewe ndiye namshikia kikombe. Mwaka mzima anaweza kuanguka mara mbili tatu, lakini Februari mwaka huu ameanguka mara tano. Mama mkwe anasema ni mwezi mpevu. Shangazi mtu anasema ni mdudu wa degedege hakutolewa vizuri utotoni. Nikasoma mada ya Fundi nikawaza, au ni joto?

#20 Tabibu wa Mizizi
Mama Swaumu na wote humu, hayo mambo yana mkono wa mtu. Nina dawa ya kifafa, kupooza, sukari, mvuto wa biashara na kurudisha mpenzi. Siku saba tu. Namba ni [imeondolewa]

#21 Msimamizi
Namba imeondolewa. Matangazo yana jukwaa lake.

#22 Mlugaluga
Mvuto wa biashara na kifafa kwenye chupa moja. Halafu mimi ndiye adui wa uzi.

#23 Dirisha la Dawa
Mama Swaumu, maswali mawili. Moja, Februari umeme ulikuwaje kwenu? Mbili, dawa unazitunza wapi?

#24 Mama Swaumu
Umeme ulikuwa wa mgawo wa kienyeji, unakatika saa tatu usiku unarudi alfajiri. Feni hamna, mbu ndiyo sherehe, mtoto anageukageuka mpaka kunakucha. Dawa nazitoa kwenye pakiti namwekea kwenye kikopo cha plastiki juu ya kabati la jikoni wadogo zake wasifikie.

#25 Dirisha la Dawa
Una washtakiwa wawili hapo, na siwezi kukuambia yupi.

Wa kwanza usingizi. Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayojulikana vizuri kabisa kuamsha kifafa. Joto lenyewe huenda halijamgusa ubongoni, limemnyima usingizi tu, usingizi ndio ukafungua mlango.

Wa pili unyevu. Kabamazepini ikikaa kwenye hewa yenye unyevunyevu kidonge kinakuwa kigumu, hakiyeyuki vizuri tumboni, kinaweza kupoteza mpaka theluthi moja ya nguvu. Jikoni kwa Dar kuna mvuke wa sufuria juu ya unyevu wa bahari. Rudisha vidonge kwenye pakiti zake, weka kwenye kopo la kufunga kabisa, chumbani, pakavu. Usiweke friji, friji nayo ina unyevu. Na hizo tano waambie kliniki kabla ya tarehe, usisubiri. Pengine amerefuka na uzito umeongezeka, dozi ya mwaka jana ni ya mtoto wa mwaka jana.

#26 Mama Swaumu
Amerefuka kweli, suruali zote zimekuwa pensi. Basi wamekuwa watatu. Asante, Mungu akuzidishie.

#27 Babu Mdalasini
Na shangazi mtu mwambieni kwa upole. Degedege watu wa zamani walisema ni ndege wa usiku anampitia mtoto. Mtoto akianguka walikuwa wakimkimbia wakiogopa povu, ndipo wengi walipoungua motoni na kuzama mtoni. Mahenge, kule Ulanga, kuna daktari mwanamke, Louise Jilek-Aall, alifika karibu na 1960 akakuta wagonjwa wa kifafa wanaishi pembeni, hawali chungu kimoja na ndugu zao. Akafungua kliniki. Povu haliambukizi. Wala usimtie kijiko mdomoni, mlaze ubavu na uondoe vitu vya kumgonga.

#28 Mkono wa Kushoto
Naandika kwa mkono mmoja, mnivumilie herufi. Kiharusi, 2021, upande wa kulia. Mimi ni baridi wazi kabisa. Kipupwe cha Juni mkono unajikunja kifuani kama kuku aliyenyongwa, kuunyoosha ni vita kati yangu na mke wangu. Januari unalegea wenyewe, naweza hata kushika kikombe kitupu.

Kwa hiyo mimi na Fundi tukae nyumba moja, miezi sita mmoja anamuhudumia mwenzake tunapokezana.

Na kwa vijana: kwangu walisema jini, wakasema jirani wa Temeke kanitupia. Jirani masikini alihama. Jini ni presha, niliacha vidonge kwa sababu nilijisikia vizuri.

#29 Mguu Mmoja Mbele
Uzi mtamu huu. Sukari, mguu umekatwa chini ya goti. Kwangu joto halinigusi mimi, linagusa insulini. Naishi Gongo la Mboto chumba kimoja, sina friji, nilikuwa naiweka kwa mwenye nyumba hadi siku nilipokuta wamehamishia juu ya friji wapate nafasi ya soda. Nikaambiwa nitumie mtungi wa udongo, kimtungi kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Ila nahisi haupoi kama wanavyosifia.

#30 Zabibu za Dodoma
Mtungi ni wa kwetu huku ndugu. Mtungi unapoa kwa sababu maji yanakauka yakienda hewani. Hewa ya Dodoma ina kiu, inanywa. Hewa ya Dar imeshiba, unaiongezea maji ya nini? Hamia makao makuu.

#31 Dirisha la Dawa
Zabibu yuko sahihi, na inaniuma kukiri. Kwenye unyevu mtungi unashusha joto kidogo tu. Lakini kidogo hicho bado ni bora kuliko chumba cha bati. Chupa uliyokwisha kuifungua inastahimili kama wiki nne nje ya friji isipopata joto kali. Ambazo hujafungua ndizo zinazotaka friji. Omba kliniki wakupe chache chache. Na kamwe usiiweke kwenye barafu yenyewe, ikiganda imekwisha.

#32 Nusu Mwezi
Narudi kujisahihisha, maana nimelala nikaota #3. Niliitetea Januari kupita kiasi. Joto nalo linanipata, kwa mlango wa nyuma. Figo za mtu wa sikoseli hazijui kubana mkojo, tunakojoa hata tusipokunywa. Sasa jua la Dar linakukausha kwa juu, figo zinakukausha kwa chini, damu inakuwa nzito, chembe zinakwama vilevile. Krisisi yangu, yaani shambulio la maumivu, mbaya kuliko zote ilikuwa Februari, foleni ya Buguruni, saa mbili na nusu ndani ya gari bila maji kwa sababu niliogopa kubanwa na mkojo njiani.

Kwa hiyo baridi inaniumiza, joto linaniumiza. Nafuu yangu ni mwezi wa kumi, kabla vuli haijakolea, kama siku kumi hivi.

#33 Chuma Kimelala
Na mimi nijisahihishe basi, maana nilimuunga mkono Fundi mia kwa mia, nashusha hadi themanini.

Machi niliumwa kichwa cha kupasuka, uso umevimba kwa wekundu, jasho la kichwani linamwagika, vinyweleo vimesimama. Nikasema joto. Mama akanipulizia, akanifunga barafu kwenye kanga. Kichwa kinazidi. Kwa bahati dada wa jirani ni muuguzi, akaingia akauliza swali moja tu: mpira wa mkojo unatoa? Ulikuwa umejikunja chini ya paja. Kibofu kimejaa, mimi sikisikii, ila mwili unakisikia ukapiga king'ora kwa njia ya presha. Alipounyoosha ilichukua dakika chache nikawa mtu. Akaniambia walioumia juu, usawa wa kifua kwenda shingoni, hicho kitu kinaweza kuwaua kwa kupasua mshipa kichwani. Miaka mitatu natoka hospitali hakuna aliyenieleza, au walinieleza nikiwa bado nalia sisikii.

Wenzangu wa uti wa mgongo mnaosoma: kichwa kikipasuka, kaa wima, kagua mpira kwanza. Joto utalilaumu baadaye.

#34 Mwavuli
Hii #33 ingefaa kubandikwa juu ya jukwaa.

#35 Mlugaluga
Sawa, hilo la mpira limenifunga mdomo. Kwa leo.

Ila swali: kazi mnafanyaje? Maana bosi haelewi mambo ya kaskazi na kusi.

#36 Mwavuli
Usiniguse kidonda. Kuna kampuni moja ilinipenda sana mpaka siku nilipoomba dawati lisilo la dirishani. Dawati hilo moja tu. Mkataba ulipoisha haukurudi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Lakini mimi ukiniona utasema ulemavu uko wapi? Nikienda ofisi ya kata nikaombe kuandikwa, ananitafuta gongo.

#37 Chuma Kimelala
Mimi ulemavu wangu unaonekana hadi kwa kipofu, na bado. Kwenye ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri tuliyotengewa wenye ulemavu tuliambiwa tukajaze fomu ghorofa ya pili. Lifti haipo.

#38 Asubuhi Ngumu
Jamani tunamsahau mwenye mada. Fundi, tumekungoja siku tatu. Ugonjwa gani? Mimi naweka dau ni uti wa mgongo.

#39 Kiroboto wa Kochi
Sukari imekula mishipa.

#40 Mkono wa Kushoto
Viharusi vidogovidogo.

#41 Fundi wa Pasi
Wote mmekosa. Unaitwa maltipo sklerosisi. Miaka miwili nilitibiwa macho, mwaka mmoja mgongo, miezi mitatu nilikunywa maji ya kombe. Mwishowe kipimo cha MRI kikaonyesha madoa kwenye ubongo.

#42 Kiroboto wa Kochi
Si huo wanasema ugonjwa wa Wazungu? Fundi umeupatia wapi?

#43 Fundi wa Pasi
Kwenye mitumba.

#44 Dirisha la Dawa
😂😂😂 Fundi!

Kiroboto, ni kweli unaonekana zaidi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, Ulaya ya kaskazini wanao wengi. Lakini "wachache" si "hakuna".

Sasa Fundi, ungetaja jina #1 tungeokoa kurasa mbili. Unachokieleza kina jina, kinaitwa hali ya Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani aliyeiandika 1890. Waya wa umeme uliochubuka ganda. Mishipa yako ya fahamu imechubuka utando wake, na waya uliochubuka joto likipanda hata nusu nyuzi, ujumbe unakatikakatika. Ukipoa, unarudi. Zamani kabla ya MRI, madaktari walikuwa wakimtumbukiza mgonjwa kwenye maji ya moto waone kama atalegea, na ndiyo kikawa kipimo. Wewe umejipima kinyume chake, kwa ndoo.

Kwa hiyo ndoo ni ushahidi wako mzuri. Lakini joto haliongezi mchubuko. Linaonyesha uliopo. Ukihamia kwenye baridi, ugonjwa hausimami.

#45 Asubuhi Ngumu
Na uchovu wa sare bado sijaufuta, niseme tu.

#46 Mlugaluga
Na ada.

#47 Mtoto wa Soni
Nimechelewa, ila naona hakuna Msambaa aliyesema. Fundi, kwa mama mdogo ni Lushoto sehemu gani?

#48 Fundi wa Pasi
Mlalo.

#49 Mtoto wa Soni
Kaka. Ulishawahi kufika?

#50 Fundi wa Pasi
Nikiwa darasa la pili.

#51 Mtoto wa Soni
Basi nikukumbushe. Kwetu hakuna tambarare. Kwenda dukani ni mteremko, kurudi ni mlima, msikitini mlima, kanisani mlima mwingine, na choo cha nyumbani kwetu kiko hatua arobaini chini ya nyumba, udongo mwekundu, ikinyesha unashuka kwa makalio. Hali ya hewa nzuri, sikatai. Mguu unaoburuza utauburuzia wapi? Na Julai kule usiku blanketi mbili.

#52 Mkono wa Kushoto
Na baridi ikikolea mguu wake utakaza kama mkono wangu. Fundi umetoka kikaangoni.

#53 Nusu Mwezi
Dawa zako na kliniki ziko huku pia, usisahau. Nauli ya Lushoto kila mwezi ingekununulia feni kubwa na betri yake.

#54 Zabibu za Dodoma
Dodoma ni tambarare. Nasema tu.

#55 Fundi wa Pasi
Wakuu nimesoma yote, nimewasomea na mama watoto. Nimempigia mama mdogo, kaniambia, "Njoo Januari wiki mbili tufurahi, ila choo tutakuchimbia kingine." Ndivyo itakavyokuwa. Sare nitaanza kushona Oktoba, Asubuhi Ngumu apate kuona kama ni uchovu au si uchovu, nitaleta majibu hapahapa.

Kiroboto, cherehani haiuzwi. Pasi ya mkaa naigawa bure, njoo uchukue.

#56 Kiroboto wa Kochi
Wife anasema pasi hataki.